Lisemwalo na Lililopo: Hoja ya Kutetea Baraza la Darasani

Methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ilizaliwa katika mji mdogo. Katika mji huo kila msemaji alikuwa na jina, ukoo na mlango uliojulikana. Mtu alipoleta habari sokoni alfajiri, jioni alikutana barazani na wale wale aliowaambia. Na ikiwa alisema uongo, aibu ilimngoja hapo hapo. Uvumi ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliweza kuulizwa. Kwa hiyo haukuwa ujinga kwa watu wa zamani kudhani kwamba nyuma ya neno lililozagaa kulikuwa na chembe ya kweli.

Mji huo haupo tena. Habari ya leo humfikia kijana wa miaka 15 kitandani usiku, katika kioo cha simu, pengine simu ya dada yake au ya mama yake, bila jina la mtungaji, bila tarehe, bila mahali ilikotoka. Imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameisukuma mbele akidhani kwamba aliyemtangulia aliichunguza. Picha hughushiwa, sauti za wakuu hutengenezwa na mashine, na tangazo la muuza dawa huvikwa kanzu ya taarifa ya habari. Katika hali hii methali iliyokuwa busara imegeuka kuwa mtego, na anayeingia mtegoni kwanza ni kijana, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hamu kubwa ya kujua na uzoefu mdogo wa kudanganywa.

Wakubwa wenye dhamana ya vijana wameliona jambo hili, na aghalabu hushika moja ya njia mbili. Wa kwanza hufunga mlango: simu zizuiwe, magazeti ya udaku yachomwe, televisheni izimwe. Wa pili hufungua daftari: vijana waandikiwe ubaoni maana ya vyombo vya habari, aina zake, faida zake na hasara zake, wayakariri hayo na kuyajibia mtihani. Njia zote mbili zina watetezi waheshimiwa, na zote mbili hazifiki. Kijana hajifunzi kupima habari kwa kufichwa wala kwa kuhubiriwa. Hujifunza kwa kuketi na wenzake, kulitia neno katikati yao, na kulazimika kutoa sababu ya kuliamini au kulikataa mbele ya watu wawezao kumpinga. Majadiliano ya namna hiyo si pambo la somo. Ndiyo somo lenyewe.

Watetezi wa mlango uliofungwa wasikilizwe kwanza. Shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu shuleni. Katazo hilo lina sababu zake: usingizi, wizi, mitihani, na mambo mengine ambayo mlezi wa bweni huyajua vema kuliko mtungaji wa makala. Hapana haja ya kulishambulia. Linalostahili kushambuliwa ni dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba kukataza ni kufundisha. Mtoto aliyezuiwa kuikaribia bahari hakufundishwa kuogelea, amecheleweshwa kuzama. Siku ya likizo mwanafunzi huyo hurudi nyumbani, hupewa simu, na kwa usiku mmoja hupokea yale yote ambayo shule ilimzuilia kwa miezi. Na akitimiza miaka 18, katika nchi hizi mbili, hupewa jambo zito kuliko simu: hupewa kura.

Uzito wa jambo hili si wa kubuni. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, nchi iliingia katika machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,000 na kuwafukuza mamia ya maelfu majumbani mwao. Katika siku zile ujumbe mfupi wa simu ulipita kutoka mkono hadi mkono ukichochea kabila moja dhidi ya jingine. Haidhaniwi hapa kwamba ujumbe peke yake ndio uliowasha moto. Kuni zilikuwa zimekusanywa miaka mingi. Lakini ni dhahiri kwamba waliousoma na kuutuma mbele walijua kusoma. Shule zilikuwa zimewapa herufi. Hazikuwapa mazoea ya kusimama kidogo mbele ya neno na kuliuliza: nani amekutuma, anataka nini, na ushahidi wako uko wapi?

Sasa waje watetezi wa daftari. Hawa huonekana kuwa mbele zaidi, maana wao angalau hukubali kwamba jambo lifundishwe. Ila huligeuza kuwa orodha. Mwanafunzi huulizwa ataje faida tano za vyombo vya habari na hasara tano. Hutaja zote kumi. Hupewa alama zote. Na jioni ile ile huamini kwamba majani fulani yaliyochemshwa huponya kisukari, kwa kuwa ujumbe uliosema hivyo ulikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Hakuna mgongano wowote moyoni mwake baina ya mambo hayo mawili. Orodha ilikuwa ya mtihani, ujumbe ulikuwa wa maisha.

Wala isidhaniwe kwamba udhaifu huu ni wa shule maskini. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya kazi yao juu ya vijana wa majimbo 12, kwa kutumia majibu 7,804 ya wanafunzi kuanzia shule za kati hadi vyuo vikuu. Katika zoezi moja wanafunzi wa shule za kati walionyeshwa ukurasa wenye habari za kweli na tangazo la kulipiwa lililoandikwa wazi kuwa limelipiwa. Zaidi ya 80 katika kila 100 waliliona tangazo hilo kuwa habari. Hao ni watoto waliokua na kompyuta kama watoto wa Pemba wanavyokua na karafuu. Kuizoea mashine hakukuwafundisha kukitilia shaka kinachotoka ndani yake.

Jambo la kushangaza zaidi lilifuata mwaka 2017. Sam Wineburg na Sarah McGrew, wa chuo hicho hicho, waliwapa kazi ya kupima kurasa za intaneti watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, na wanafunzi 25 wa Stanford. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walinaswa na nembo nzuri, jina zito na ukurasa uliopangwa vizuri. Wahakiki wa habari hawakukaa katika ukurasa huo kwa muda mrefu; waliuacha upesi, wakaenda kutazama wengine wanasema nini juu ya wenye ukurasa. Kwa lugha ya mitaa ya Waswahili, walitoka nje wakauliza majirani. Hapa kuna somo chungu kwa kila mwalimu mwenye shahada: elimu nyingi ya mtu mmoja, akiwa peke yake mbele ya maandishi, si kinga. Mwalimu anayedhani kwamba atawakinga vijana kwa kuwamiminia elimu yake, ajue kwamba kikombe chake mwenyewe kinavuja.

Basi majadiliano yana nini ambacho hotuba haina? Lina mambo matatu jibu lake.

La kwanza ni kwamba akili ya mtu peke yake ni wakili wa mtu huyo. Akikwisha kupenda jambo, huitafutia sababu, na sababu akazipata. Akiwa na wenzake, wakili hukutana na wakili mwingine, na hapo ndipo hakimu huzaliwa. Mwaka 1998 David Moshman na Molly Geil walitangaza jaribio walilolifanya kwa fumbo mashuhuri la kadi nne, ambalo Peter Wason alilibuni katika miaka ya 1960. Fumbo lenyewe ni fupi, lakini huwashinda wengi, kwa sababu humtaka mtu atafute kadi iwezayo kuivunja kanuni, hali moyo wake watafuta ile iwezayo kuitia nguvu. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu waliolifumbua kila mtu peke yake, waliopata walikuwa 9 katika 100. Miongoni mwa vikundi vya watu watano au sita waliojadiliana, vilivyopata vilikuwa 75 katika 100.

Mpinzani atasema kwamba katika kila kikundi alikuwamo mwerevu mmoja aliyewaambia wengine jibu. Na apige hesabu. Ikiwa wajuao ni 9 katika 100, vikundi vya watu watano au sita vyenye mjuzi hata mmoja havifiki nusu ya vikundi vyote. Vilivyobaki vililipata wapi jibu? Kwa kupingana. Mmoja alikosea hivi, wa pili alikosea vile, na makosa mawili yalipogongana cheche ikatoka. Ni kweli kwamba waliopimwa hawakuwa watoto wa sekondari, na fumbo la kadi si gazeti. Lakini tabia ya kutafuta kile kinachounga mkono na kukwepa kile kinachovunja ndiyo ile ile imfanyayo kijana aamini uvumi. Na dawa iliyoitibu pale haina sababu ya kudharauliwa hapa.

La pili ni kwamba maarifa yametawanyika. Ichukuliwe picha moja iliyozunguka dunia: papa mkubwa akiogelea katika barabara iliyofurika, kando ya gari. Ilisambazwa mwaka 2011 kuwa imepigwa Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, ikasambazwa tena mwaka 2017 kuwa imepigwa Houston, Marekani, wakati wa kimbunga Harvey. Papa mwenyewe alikatwa katika picha ya kweli ya bahari ya Afrika Kusini, ambamo alikuwa nyuma ya mtu aliyepanda mtumbwi mdogo, akabandikwa katika maji ya barabarani. Picha hiyo ikiwekwa mbele ya vijana watano wa Tanga, hakuna hata mmoja atakayeijua historia yake. Lakini mtoto wa mvuvi atauliza kama papa wa ukubwa ule aweza kuogelea katika maji ya kina kile. Aliyepata kuona mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, atauliza kwa nini maji haya hayana takataka. Apendaye kupiga picha atatazama kivuli. Mwingine atauliza kwa nini dereva anapiga picha badala ya kukimbia, na wote watacheka, na kicheko hicho nacho ni hoja. Wa tano, asiyejua samaki wala picha, atauliza swali lililo bora kuliko yote: nani aliyeipiga, na lini? Hakuna mwalimu aliyewaambia kwamba picha ni ya uongo. Wameondoka na kitu kikubwa kuliko jibu, yaani maswali matano watakayoyatumia juu ya picha ya kesho.

La tatu ni kwamba jambo hili si geni. Wako wasemao kwamba kujadiliana na kutilia shaka ni desturi za kuagizwa kutoka ng'ambo. Maneno hayo huonyesha kutoijua historia ya Waswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19 washairi wa Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji upande mmoja na Zahidi Mngumi upande wa pili, walijibizana kwa tungo juu ya ugomvi wa miji yao. Na hadhira iliyosikia upande mmoja ilijua kwamba jibu linakuja, ikangoja kupima. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa mashairi ambamo mshairi wa mji mmoja aliweza kutoa hoja na kujibiwa na mshairi wa mji mwingine ambaye hajapata kumwona. Na gazeti lililoanzishwa Kenya mwaka 1939 liliitwa Baraza: jina la mahali watu huketi na kuzungumza. Katika madrasa za pwani nako, mwanafunzi wa Hadithi hufundishwa kwamba maneno hayapokelewi kabla ya kutazamwa silsila ya wapokezi wake: nani kamsikia nani, na je, alikuwa mkweli? Kijana aliyekwisha kuyajua hayo hahitaji kuazima kipimo. Anahitaji kuonyeshwa kwamba kipimo alichonacho chafaa pia kwa ujumbe wa simu.

Tanzania yenyewe ilikwisha kuligundua hili kwa njia ya redio. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kilichotungwa kwa ajili hiyo, kisha wakajadiliana na kukata shauri la kufanya. Vyoo vilichimbwa na mazalia ya mbu yakafyekwa. Wapangaji wa kampeni hiyo walifahamu kwamba redio isemayo peke yake ni sauti ipitayo, na kwamba neno huota mizizi mahali linapozungumzwa. Hata hivyo, lazima isemwe pia kwamba vikundi vile viliundwa kulitekeleza neno, si kulihoji. Ujumbe ulikuwa mwema, na hapakuwa na haja ya kuushitaki. Baraza linalotakiwa leo ni lile ambamo ujumbe wenyewe husimamishwa kizimbani, uwe umetoka kwa mfanya biashara, kwa chama, kwa mhubiri au kwa rafiki.

Zimebaki pingamizi tatu, na zote zastahili jibu la haki.

Ya kwanza husema: kundi nalo hupotoka. Hii ni kweli tupu. Mwaka 1951 Solomon Asch wa Marekani alionyesha jinsi mtu mwenye macho mazima awezavyo kukana aonavyo. Aliwapa watu kazi nyepesi ya kulinganisha urefu wa mistari, akawaketisha kati ya wenzao waliopangwa kwa siri kutaja jibu lisilo sahihi kwa sauti moja. Karibu thuluthi ya majibu yalifuata uongo wa kundi. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kundi kulipungua mno. Basi ubaya haumo katika kukusanyika. Umo katika kukubaliana kabla ya kufikiri. Kwa sababu hiyo baraza la darasani lisiachwe liende ovyo kama kijiwe, bali liwe na kanuni. Kila kijana aandike maoni yake kabla ya yeyote kunena. Mmoja ateuliwe kuwa mpinzani, na kazi hiyo izunguke, ili kupinga kusihesabiwe kuwa uadui. Asiruhusiwe mtu kusema "nimesikia" pasipo kutaja alikosikia. Kikundi kisifunge shauri kabla ya kutoka nje ya habari yenyewe na kutazama vyanzo vingine vinasema nini. Na mwalimu aseme mwisho. Maana mwalimu akisema mwanzo, vijana huacha kuitafuta kweli na kuanza kulitafuta jibu lake.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayovunjwa mara nyingi. Yako madarasa yaitwayo ya majadiliano ambamo wanafunzi huketi katika duara kwa nusu saa, kisha mwalimu husimama na kuandika ubaoni jibu alilokuja nalo kutoka nyumbani. Hayo si majadiliano. Ni hotuba iliyocheleweshwa. Wanafunzi huitambua hila hiyo upesi, na tangu siku hiyo hunyamaza wakingoja chaki.

Pingamizi ya pili ni ya adabu. Husemwa kwamba kijana akizoea kuhoji gazeti na redio, kesho atamhoji baba yake. Jibu ni kwamba adabu haikupata kuwa upofu. Mara nyingi uvumi humfikia kijana kutoka kwa mtu amheshimuye, katika kundi la ukoo la WhatsApp. Na hapo ndipo elimu ya baraza hujipambanua na ujuvi. Mjuvi husema mbele ya ukoo mzima: huu ni uongo. Aliyefunzwa kuzungumza husema faraghani: shikamoo mjomba, habari hii umeipata wapi, ili nami niisome yote? Aliyelelewa kwa amri tu hajui ila njia mbili, kutii na kuasi. Aliyelelewa barazani ameonyeshwa ya tatu, yaani kuuliza kwa heshima. Na kuuliza, wahenga walikwisha kusema, si ujinga.

Ya tatu ni ya muda na wingi wa wanafunzi. Darasa lina vijana 60, kipindi kina dakika 40, na mtihani unakuja. Lakini vijana 60 ni vikundi 12 vya watu watano, na gazeti moja lililogawanywa kurasa latosha vikundi sita. Simu hazihitajiki, ujumbe uliozagaa waweza kuandikwa ubaoni. Kipindi kimoja kwa juma kikitolewa kwa kazi hii hakipotei, kwa kuwa kijana ajuaye kudai sababu kwa mwenzake hujifunza kuzidai kwake mwenyewe anaposhika kalamu. Na watahini wa insha hulalamika kila mwaka juu ya watahiniwa wenye maneno mengi na hoja chache.

Mwaka 1967 Julius Nyerere, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule imjengee kila raia akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akikataa au kugeuza kile kisichomfaa. Maneno hayo husifiwa katika sherehe. Lakini akili ya kudadisi haijengwi kwa kusifiwa, wala kwa kuandikwa katika dibaji za mihtasari. Hujengwa siku ile kijana wa kidato cha pili anaposema jambo kwa uhakika, mwenzake wa upande wa pili wa duara akamwambia "thibitisha", naye akagundua, huku uso ukimwiva kwa haya, kwamba hana cha kuthibitishia. Haya hiyo ya dakika moja mbele ya marafiki ni nafuu kuliko ile ya miaka mingi mbele ya kaburi la jirani.

Na wafunge milango wanaotaka kufunga, na wakaririshe wanaotaka kukaririsha. Neno litapita chini ya mlango, nayo orodha itasahauliwa siku ya pili ya mtihani. Atakayesalimika ni kijana aliyezoezwa kuketi na wenzake na kuliuliza kila lisemwalo kama lipo. Na kama halipo, ni nani anayetaka lije.